Mbwa wa Tano

Jumanne, saa kumi na dakika kumi alasiri, sahani yetu ilirudi kutoka kwa jirani ikiwa tupu. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimeshika simu, nnangojea itimie na robo nikawape mbwa maji. Kengele ya geti ikalia mara moja. Nilipofungua hapakuwa na mtu. Sahani imewekwa chini, imefunikwa kwa mfuko wa plastiki, kama takataka inayongojea gari lake.

Kwetu sahani hairudi tupu. Hata mtu akiwa hana kitu ndani atatia tende tatu, atatia ndimu. Kuirudisha tupu ni kusema neno ambalo kwa mdomo unaona haya kulisema. Na hii haikuwa tupu tu. Nilipoigeuza, kwenye ule mfereji wa chini pale inapokalia, palikuwa na udongo. Udongo mwembamba, umekauka. Mtu ameiosha kwa udongo halafu hakuisuuza vizuri, au ameisuuza vizuri sana akaacha ule kidogo tu ili tuuone.

Maana yake kila mtu mtaani kwetu anaijua. Chombo kilichoguswa na mbwa huoshwa mara saba, na moja katika hizo saba ni kwa udongo.

Inanibidi nieleze habari ya mbwa kwanza, maana mtu akisikia nyumba ya watu wa Unguja hapa Hail, mtaa wa Maskati, ina mbwa wanne, ama hucheka ama hutaka kuondoka. Mama anaweka mbwa wa watu. Wageni wanaofanya kazi Maskati wakisafiri huwaacha mbwa wao kwetu, na sisi tunawalisha na kuwatunza mpaka wenyewe warudi. Mama hakufanya kwa kujificha. Alichukua faili lake, akasimama dirisha baada ya dirisha, akapata leseni, na leseni imebandikwa kwenye mlango wa mulhaki, yaani vile vyumba viwili vya nje, nyuma ya nyumba, ambavyo ndivyo vya mbwa. Mstari wa katikati unasema: mbwa wasizidi wanne kwa wakati mmoja, hata kama mmoja wao ni wa mwenye nyumba. Kwa hivyo huwezi kusema huyu si wa kazi, huyu wangu. Akiwemo ndani ya ukuta, anahesabiwa.

Bibi, mzee wetu, mama yake Mama, hakukataa. Watu hudhani alikataa. Alisema, "Mbwa wa kazi ana ruhusa. Mbwa wa mapenzi ndiye hana." Halafu akatunga sheria zake, kali kuliko za ofisini. Kanzu ya kazi ya mbwa haivaliwi pengine popote. Ndara za mbwa ni za kijani na hazivuki kizingiti cha mulhaki. Mbwa wana bomba lao, wana ndoo yao, na kando ya bomba pana debe la udongo aliouchekecha yeye mwenyewe. Akawaeleza majirani sheria hizo nyumba kwa nyumba, kwa fahari, mpaka mtaa mzima ukajua ndara zetu za mbwa ni za rangi gani.

Mbwa wa tano alikuwa mzee. Majina siyaandiki humu, hata lake. Ana rangi ya chai ya maziwa, sikio moja halisikii, na ukikaa chini anakuwekea kidevu juu ya mguu na kupumua kama mtu aliyepanda ngazi. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, mwanamke mzee wa Kizungu anayekaa peke yake, na kwa miaka miwili kila akisafiri alituletea. Mimi skuli sisemi. Mwalimu wa darasani akinitaja jina huona kama wamenivua mtandio. Lakini mashairi ya mtihani nilikuwa nikimsomea yule mbwa kwa sauti, ubeti kwa ubeti, na nikikosea narudia, na yeye anangojea.

Mwaka huu mwenyewe ameugua na anarudi kwao moja kwa moja. Daktari wa wanyama amesema mbwa wa umri ule hafiki. Atafia kwenye sanduku la ndege. Nyumba zinazookota wanyama mwalimu alizipigia zote, zimejaa, watu wanasafiri kwa ajili ya Idi Kubwa. Basi daktari akampa miadi, Jumatano saa tatu asubuhi. Miadi ya sindano, ile ya kumlaza asiamke. Pakipatikana mahali, apige simu kuifuta. Ndege yake inaondoka siku hiyo hiyo jioni.

Na kwetu wanne walikuwa wameshatimia, na wenyewe wameshaondoka.

Mama alikuwa ameomba aongezewe, kutoka wanne wafike sita. Wiki moja kabla, mkaguzi alikuja. Akavipima vyumba kwa futi kamba, akatazama maji machafu yanakwenda wapi, akahesabu mbwa kwa kidole, akarudia kuwahesabu. Mama akamletea kahawa pale uani. Akaitazama ile finjani bila ya kuigusa.

"Ukhti, finjani hizi…"

"Haziendi huko," Mama akamwambia, "na wa huko hawaji huku. Kunywa, baba. Mimi mwenyewe nnaogopa kuliko wewe."

Akacheka, akanywa tatu. Akasema sita wanaenea, hana neno. Kwa wanne hawakutaka ridhaa ya mtu, lakini kwa sita wanataka saini za majirani: wa kushoto, wa nyuma, wa kulia. Ya kushoto ipo, ya nyuma ipo. Ya kulia ikifika Jumatano kabla ya adhuhuri, leseni mpya inatoka siku hiyo hiyo. Ikikosa hapo, mpaka baada ya Idi.

"Ya kulia ipo njiani," Mama akamwambia.

Mama alimpigia simu yule mwalimu mbele yangu, akamwahidi. Nafasi ya tano itakuwa ya mzee wake, mpaka afe kifo chake mwenyewe.

Jirani wa kulia ni rika la Bibi, wamesoma chuo kimoja cha Kurani Unguja, na hapa wamekaa ukuta kwa ukuta tangu Mama hajaolewa. Bibi alisema tangu mwezi wa Ramadhani, "Karatasi ya kwake niachieni mie." Akaikunja, akaitia chini ya mto wake. Halafu akaanza kupika. Mikate ya kumimina, kaimati, boko boko, tambi za sukari. Mtu mzima, alisema, humtii karatasi mkononi kama askari wa barabarani. Unampelekea sahani. Ataelewa, na atasema kwa hiari yake: leteni niwatilie mkono.

Mpelekaji ni mimi. Kila siku jirani alipokea, akasema, "Mwambie bibi yako mkono wake haujaharibika," na siku ya pili sahani ikarudi na kitu ndani. Mwezi ukaisha. Idi Ndogo ikapita. Sahani zikaendelea kwenda na kurudi. Karatasi bado chini ya mto.

Halafu ile Jumapili. Nilikuwa nimetoka kuosha sakafu ya mbwa, miguu ina maji, Bibi ananipigia kelele kutoka jikoni kwamba visheti vinapoa na shira inaganda. Nikabadilisha kanzu, nikanawa mikono kama nilivyofunzwa, nikachukua sahani mbio. Kwa jirani nikavua ndara mlangoni, nikapita juu ya zulia lake la sebuleni, pale pale anaposali, nikamwekea sahani mezani. Nilipotoka ndipo nilipoziona, katikati ya ndara zao nyeusi. Za kijani.

Nasema kweli, nilijua tangu dakika ile. Sikumwambia mtu. Nilizibeba kwapani nikarudi pekupeku, na kwa siku mbili nikajiambia labda hakuona.

Basi Jumanne nikampelekea Bibi ile sahani. Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mfereji, akakitazama kidole chake.

"Umefanya nini?"

Nikamwambia.

Hakunipiga, hakupiga kelele. Aliiweka sahani juu ya friji, mbali, kama kitu cha mtu mwengine. Mama ndiye aliyepiga kelele, kwa sababu yeye alijua hesabu ya saa. "Kesho saa tatu!" alisema. "Kesho saa tatu, wewe! Vaa baibui lako nenda ukamtake radhi. Sasa hivi. Kwa mdomo wako."

Nikenda. Jirani alikuwa uani kwake anapepeta mchele kwenye ungo. Nyuma yake mlango wa sebule uko wazi, na sakafu ni vigae vitupu. Zulia halipo.

"Ndara gani leo?" akaniuliza kabla ya salamu.

"Nyeusi, Bibi."

"Nizione."

Nikainua mguu mmoja. Akatazama kwa makini, akaashiria na wa pili. Nikainua wa pili.

"Haya, kaa. Usikae mbali hivyo, mie siumi. Wanaouma mnao nyie."

Nikakaa. Nikamwambia nimekuja kumtaka radhi, ndara ni mimi, si Bibi, si Mama, nilisahau. Sauti ilikuwa haitoki, akanambia nirudie. Nikarudia.

"Miguu ilikuwa na maji."

"Ilikuwa na maji, Bibi."

"Ingekuwa mikavu nisingesema neno. Kikavu kwa kikavu hakinajisi. Sasa zulia limekwenda kwa dobi, na dobi ananiuliza, mama, mara saba ya nini, limemwagikiwa na nini, na mie nnaona haya kumwambia." Akapepeta, akapuliza makapi. "Hilo nimekusamehe. Mtoto, na mwenyewe huna hata sauti. Limekwisha."

"Na sahani?"

"Sahani si yako. Sahani ya bibi yako."

Nikaitazama ile mikono yake kwenye ungo. Mwisho nikasema lile lililonileta. "Basi utatia saini, Bibi?"

Akausimamisha ungo.

"Saini ya nini?"

"Ya leseni. Ya mbwa sita."

"Mie sijaombwa saini na mtu." Akanitazama kama anayengojea nibishe. "Nimeletewa kaimati. Nimeletewa boko boko. Nimeletewa tambi, mikate ya kumimina, mpaka mkwe wangu ananiuliza huko kuna harusi gani isiyokwisha. Karatasi sijaiona. Bibi yako ananilisha kama paka, halafu anangojea nijilete mwenyewe nimlambe mkono."

"Alikuwa anaona haya, Bibi."

"Haya! Yeye?" Akacheka, lakini haikuwa cheko. "Sikiliza, mjukuu wangu. Babu yako alipokuwa hai na cheo chake, mie nilikwenda kwenu kumtakia mwanangu barua ya kazi. Bibi yako alikuwa na wageni, wanawake wanane, nnawakumbuka mmoja mmoja. Nikataka kumvuta pembeni. Akasema, hapana, sema, shoga, sema haja yako, hapa hakuna mgeni. Basi nikasema. Nikaomba mbele ya watu, finjani mkononi. Barua niliipata, simnyimi haki yake. Lakini niliomba. Na yeye aombe."

"Nitamwambia."

"Mwambie watu wanane siwataki. Mimi na yeye na huu ungo. Akae hapo ulipokaa, aseme, shoga yangu, nnakuomba. Basi. Kalamu ninayo."

Nilipofika getini akaniita tena. "Huyo mbwa ana miaka mingapi?"

"Kumi na nne."

"Maskini," alisema, na nadhani alisema kweli. Ndilo linaloniuma mpaka leo. Alimwonea huruma, akainama akaendelea na mchele wake.

Njiani, na njia yenyewe ni hatua thelathini, nilifurahi. Naandika hivyo ingawa naona aibu. Niliona ni jambo dogo. Mtu atoke mlango huu aingie mlango ule aseme maneno matatu, na mbwa ataishi. Nilimkuta Bibi amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni, Mama amesimama. Nikayasema yote kama nilivyoyasikia, mpaka lile la wanawake wanane.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nikaombe?" akasema.

"Maneno matatu tu, Bibi."

"Mie na yeye tumekaa mkeka mmoja chuoni. Alipopigwa na mwalimu ni mie niliyemfunika kwa kanga yangu. Nimempikia mpaka mikono inanuka hiliki. Leo nikakae mbele ya ungo wake nikaombe? Kwa ajili ya mbwa?" Akapangusa mdomo kwa ncha ya mtandio. "Angelikuwa mtu, ningelikwenda kwa magoti."

"Kesho ana miadi saa tatu, Bibi. Watampiga sindano."

"Na mie nina miaka sabini na sita. Nani kanipa miadi mie?"

Mama akaingia kati. Mama hubadilika sauti akisema na Bibi, anakuwa kama mimi. "Mama, nenda. Ni mlango wa pili tu. Tutakwenda pamoja, mie nitakaa nje."

"Kwani lile la barua lilikuwa baya? Si nilimwita shoga mbele ya watu? Si nilisema hapa hakuna mgeni? Mwengine angeona ameheshimiwa."

"Yeye hakuona hivyo."

"Basi ameweka jambo moyoni miaka yote hiyo na anakula kaimati zangu." Akageuka upande mwengine.

"Nipe karatasi," Mama akasema. "Nitakwenda mimi."

"Nenda. Ipo chini ya mto, ichukue. Nenda ukaniombee mbele yake, umwambie mama yangu hana uso. Halafu urudi uniite mama."

Mama alifika mpaka mlango wa chumba cha Bibi. Nilimwona ameshika kitasa. Akakiachia, akaja akakaa kwenye kigoda, na mimi nikajua kwamba limekwisha, kwa sababu Mama hakai kwenye kigoda ila akichoka kabisa.

Mpaka hapo nilikuwa sijapata kubishana na Mama maishani mwangu. Nilimfuata jikoni. Nikamwambia tumchukue tu. Wa tano, siku chache, mpaka baada ya Idi. Nitamweka kwenye chumba cha kufulia, habweki, hana hata nguvu ya kubweka.

"Wanne ni wanne," Mama akasema.

"Nani atajua?"

"Akija yule mtu akakuta watano, leseni inakwenda. Ikienda, hawa wanne waliolala humu wanakwenda wapi? Wenyewe wako angani. Nitawaambia nini? Njooni mchukue?"

"Mbona ulimweka wa tano?"

Akanigeukia. Alijua ninalolisema. Mwaka jana mwana wa jirani, yule yule wa barua, alikuwa na harusi ya binti yake, na yeye ana mbwa wa kuwindia, saluki, anakaa naye shambani. Alikuja usiku wa kuamkia harusi akasema, mama, nisetirieni huyu siku tatu, watu wanakuja. Tukamsetiri. Tulikuwa na wanne. Ukijumlisha, watano. Hakuna aliyehesabu, hakuna aliyeosha kitu, na jirani mwenyewe aliniletea biriani mpaka mlango wa mulhaki, akachungulia ndani akasema, mashallah, wametulia.

"Siku zile tatu sikulala," Mama alisema. "Kila gari likipita nilisema ndio wao. Sirudii. Na usinitajie tena."

"Kwa mbwa wao uliweza."

Kofi halikuwa kali. Lilinigusa zaidi sikio kuliko shavu. Mama mwenyewe alishituka, akautazama mkono wake, akageukia sufuria.

Baba alirudi kutoka kazini Khuwair na mkoba wake, jasho la foleni mgongoni. Alituona sote watatu tumenuna, akauliza kuna nini, Mama akamweleza kwa maneno machache. Baba akafikiri. Akasema, "Haya mambo ya wanawake na majirani, mie nikiingia nitayaharibu," akaenda kuoga. Nilisikia maji yanamwagika muda mrefu. Mtu anayefanya kazi ya kuwaandikia watu barua za serikali kutwa nzima, na karatasi hii moja hakuuliza hata iko wapi.

Kulipoadhiniwa magharibi bado nilikuwa na tumaini. Nilijiambia Bibi akishasali moyo utalainika, watu husema hivyo. Nilikaa nje ya chumba chake nikamsikia anasali, anavuta tasbihi, anakohoa. Akatoka. Akanipita. Akauliza chai iko wapi.

Ndipo Mama akanipa simu. "Mpigie mwalimu," alisema. "Wewe ndiye uliyevaa zile ndara."

Mimi sipigi simu. Hata duka la mkate nikiambiwa nipige nampa mtu mwengine. Nilikwenda nayo mulhaki, nikakaa chini, wale wanne wakanijia kunusa, nikabonyeza namba. Yule mwalimu alipokea haraka sana, kama alikuwa ameiweka simu mapajani.

Kiingereza changu ni cha skuli. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kueleza, saini, jirani, zulia, na yote yakanipotea. Nikasema tu, hakuna nafasi.

Nikasikia kitu kinahema karibu na simu, nikajua ni nani.

Akasema ahsante kwa kujaribu. Hakuuliza sababu. Bora angeuliza. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, kama anayeomba kitu kikubwa, kwamba yeye hawezi kumshika, mikono yake inatetemeka siku hizi, na mbwa akishikwa na mtu asiyemjua huogopa. Je, nitaweza kuja asubuhi? Maana mimi ananijua.

Yeye aliomba. Mgeni, mgonjwa, hana hata mtu mmoja hapa mjini, na aliomba bila ya sahani yoyote.

Nikasema ndiyo. Nikarudi ndani nikamwambia Mama. Mama akasema ataipigia skuli, bila ya kunitazama. Bibi, kutoka kwenye kiti chake, akasema msichana mzima kwenda kushika mzoga wa mbwa ni jambo gani hilo, na mikono ile ile kesho italeta chai. Hakuna aliyemjibu. Nadhani alitaka tumjibu.

Nafikiri sana juu ya kitu kimoja ambacho sikukifanya. Ningeweza kurudi kwa jirani nikamwambia, Bibi amekubali, anakuomba, miguu inamuuma hawezi kuja. Ningeipata saini. Wakongwe wawili wangegundua baada ya wiki, wangenichukia, na mbwa angekuwa amelala kwenye nafasi ya tano. Sikukataa kwa sababu ya uaminifu. Haikunijia tu. Ilinijia kitandani, wakati milango ya watu imeshafungwa, na mimi kubisha mlango uliofungwa siwezi.

Asubuhi niliamka kabla hawajaniamsha. Nilivaa nguo za skuli kwa sababu sikujua mtu huvaa nini kwenda mahali kama pale. Bibi alikuwa ameshakaa pale pake karibu na mlango wa jikoni. Kila asubuhi ya maisha yangu mimi humwamkia na kumbusu mkono kabla sijanywa chai, hata siku za homa. Aliponiona akaunyoosha mkono kama kawaida. Nilipita. Mkono ukabaki hewani kidogo, halafu akauingiza ndani ya mtandio wake kama alikuwa anatafuta kitu. Mama aliona. Akanifungulia geti.

Mwalimu alikuja na teksi, mbwa yuko nyuma juu ya shuka. Nikakaa naye, akaweka kidevu kwenye mguu wangu, juu ya sketi nyeupe ya skuli, na sikuuondoa mguu. Kliniki ilikuwa na baridi sana ya eyakondishani na mtu wa mapokezi alikuwa anakula sambusa. Walipotuita, mwalimu aliinuka, akafika mlangoni, akasema hawezi, akarudi akakaa. Nikaingia na mbwa peke yangu. Daktari akaniuliza mimi ni nani yake. Nikasema nilikuwa nikimlisha.

Walimweka juu ya meza ya bati. Alitetemeka kwa ule ubaridi wa meza, si kwa kitu chengine. Nilimkumbatia kichwa, upande wa sikio linalosikia, nikamsomea ubeti wa kwanza wa shairi la mtihani, na nilipofika mstari wa tatu nikakosea, nikarudia, na daktari akaniambia taratibu kwamba sasa naweza kumwachia.

Nilitoka nikamwambia mwalimu kwamba hakuogopa. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Teksi ikanishusha mbele ya skuli. Niliingia darasani kipindi cha tatu, sketi ina manyoya ya rangi ya chai ya maziwa, na mwalimu wa hesabu akaniuliza mbele ya wote nilikuwa wapi. Nikamwambia nilichelewa kuamka.